Nimebaki peke yangu na watoto 30 wa skauti

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Mbagala, najitolea kuongoza skauti kila Jumamosi, tulianza watu wazima wanne sasa nimebaki mwenyewe na watoto 30, wazazi wanawaleta wanaondoka. Nimechoka ila nikiwaangalia hawa watoto nashindwa kuacha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hiyo hali naijua, mi nimekaa na skauti Temeke miaka kibao na kuna mwaka nilikuwa nalia kwenye daladala nikirudi nyumbani.

Kwanza usibebe watoto 30 mgongoni. Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, alivyofanya ile kambi ya kwanza kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wale vijana kama 20 kwenye vikosi vidogo, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Fanya hivyohivyo, kikosi watoto sita mpaka wanane, yule mkubwa awafundishe wenzie mafundo ya kamba na wewe umfundishe yeye kabla. Mwanzoni watavuruga, waache wavuruge.

Wazazi nao usiwaombe wajitolee, wataogopa hilo neno. Mwambie baba fulani ambaye ni fundi umeme aje siku moja tu awaonyeshe watoto kazi yake, kwangu waliobaki wengi walianza hivyo. Ila mkipanga safari, tuseme ya Pugu, usiende peke yako hata watoto wakulilie vipi, mmoja akiumia nani atabaki na wengine? Ahirisha mpaka upate mtu mzima mwingine.