Barua kwa mwanangu: mlima, Malkia na mpaka wa Holili

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani mlima Kilimanjaro iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa, maana wageni unaowapandisha mlimani hawaachi kukuuliza. Si kweli. Waingereza na Wajerumani walipatana kugawana nchi zetu mwishoni mwa mwaka 1886. Wakati huo Wilhelm hajawa Kaisari. Babu yake yu hai, na kazi yote iko mikononi mwa Kansela Bismarck, waziri mkuu wao. Wilhelm alitawala kuanzia 1888. Isitoshe, bibi atatoaje zawadi ya kitu kisicho chake? Mangi Rindi, chifu wa Kichaga, alikuwepo Moshi, na Sultani Barghash kule Unguja naye akidai huku bara ni kwake. Wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi, basi.

Ila mimi habari ya zawadi hainikeri. Kinachonikeri ni ule mstari wa mpaka waliouchora. Waliuandika uanzie mdomo wa mto Umba, uende Ziwa Jipe, uvuke mto Lumi, upite katikati ya Taveta na Uchaga, halafu uuzunguke mlima kwa kaskazini. Katikati ya Taveta na Uchaga! Sisi huku Uchagani, Tanzania, mama yako mkubwa kaolewa kule Taveta, Kenya. Nimekwambia tangu unasoma shule ya msingi na leo narudia: wakubwa hawapiti njia wanazozifunga.

Na miaka mingi mstari wenyewe haukutuuma. Babu yako alikwenda soko la Taveta na ndizi zake, jioni karudi na habari za dada. Ikaja Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki inakata roho, ndege nyingi za shirika letu la pamoja zimebaki Nairobi, sisi tumeshika magari yao, Mwalimu Nyerere akafunga mpaka. Mzee Kenyatta alipofariki mwaka uliofuata, tulisikia redioni kama watu wa nchi ya mbali.

Babu yako naye akafariki mpaka ungali umefungwa. Dada alikuja usiku kwa njia za panya, kanga imelowa umande hadi magotini. Alikuwa na miche ya sabuni, kwa kuwa alijua huku hatuna hata ya kuoshea vyombo vya msiba. Mgambo mmoja akaichukua yote, akamwambia ashukuru hapelekwi kituoni. Alipofika kihambani, shamba letu la ukoo, tulikuwa tumeshazika jana yake. Hakulia. Aliomba jembe, akachota udongo wake akauweka juu ya wetu, akausawazisha taratibu, na wazee wakamwacha mpaka alipotosheka. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Sijui kwa nini sabuni ndiyo inayonipandisha hasira hadi leo.

Sasa usije ukasema mama anamsema vibaya Mwalimu. Alikuwa na sababu zake. Tulikuwa tumedhulumiwa, na Amin yuko upande mwingine anatuchokoza. Na ni Mwalimu huyohuyo ambaye mwaka 1960 alikuwa radhi uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe, ili tuungane na Kenya na Uganda. Mtu wa namna hiyo hafungi mpaka kwa furaha. Lakini karibu miaka saba, jamani? Ugomvi wa ndege na mabehewa, anayezuiwa ni mwanamke anayekwenda kumzika baba yake? Haya, Novemba 1983 marais watatu walielewana Arusha juu ya kugawana mali, njia ikafunguliwa. Kwa nini haikuwezekana mapema, hapo ndipo ninapokwama. Wakubwa hawapiti njia wanazozifunga, nadhani jibu ni hilo. Au pengine hata Kenya nao hawakutaka. Sijui, na nisingependa kumhukumu marehemu.

Muulize mama yako mkubwa kama Mwalimu alikosea. Picha yake kaitundika sebuleni kwake hukohuko Taveta, juu ya ile ya Kenyatta, na mimi nikimgusia habari hizo ananiuliza kama nimekula. Mpigie jioni, mchana yuko sokoni.

Mama yako