Je, shimo jeusi "huzima" nyota?

Mwalimu mmoja wa fizikia huko Likoni ameuliza: "Mwanafunzi wangu ameandika, 'Mashimo nyeusi yanazima nyota za galaksi.' Nyeusi nimeshaisahihisha, ila mwenzangu wa Kiswahili ashikilia kuwa yanazima nayo ni kosa. Nani yuko sawa?"

Maalim, la kwanza halina mjadala: shimo jeusi, mashimo meusi. Nyeusi iachie nguo na kalamu. (Shimo jeusi ni kitu cha angani chenye uvutano mkali hata mwanga haukitoki; galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota na gesi.)

La pili, mwenzako ana haki. Kuzima kwataka kitu kilichokuwa kikiwaka. Jiko la mahamri ambalo halikutiwa moto tangu asubuhi, hakuna asemaye limezimwa. Nyota ambazo hazijaundwa ni kama jiko hilo; zilizokwisha kuundwa zaendelea kung'aa kama kawaida. Kinachoathirika ni gesi. Nyota huundwa pale gesi inapopoa sana ikajikusanya kwa uzito wake yenyewe. Sasa shimo jeusi likiwa linameza, gesi inayolizunguka hupata joto kali, ikatoa mwanga na upepo mkali, na mara nyingine mikondo ya chembe ziendazo karibu na kasi ya mwanga. Hayo huipasha moto gesi ya galaksi, au huisukuma nje. Katika kundi la galaksi la Perseus, darubini ya eksirei ya Chandra imeonyesha mapovu makubwa yaliyochimbwa na mikondo ya galaksi NGC 1275. Gesi ni tele, lakini nyota zinazoundwa ni chache mno kwa wingi wake.

Basi aandike "huzuia nyota mpya kuundwa". Akiipenda sana zima, abadili shamirisho: "huzima uundaji wa nyota".

Mimi ningeongeza -weza, kwani si kila mara huzuia. Katika galaksi ndogo ya Henize 2-10, darubini ya Hubble ilionyesha mwaka 2022 kwamba mkondo utokao kwenye shimo jeusi unachochea nyota kuzaliwa. (Na hu- haipokei kiambishi cha ngeli: si "yahuzuia". Yazuia ya kwetu Mvita ni sawa.)

Pia amesahau neno hai, yaani linalomeza gesi kwa sasa, kama tusemavyo volkano hai. Bila hilo, ameliingiza hata shimo la galaksi yetu, lenye uzito wa jua milioni 4 hivi, ambalo kwa sasa limetulia tuli.

Sentensi nzima: "Mashimo meusi hai huweza kuzuia nyota mpya kuundwa katika galaksi zao."