Ukitaka kuiona Mwanza kutoka ziwani, usiende asubuhi

Wiki hii msomaji mmoja katuma picha 12 za Mwanza alizopiga akiwa kwenye boti ya kukodi, pamoja na swali moja: mbona zote zimetoka nyeusi? Simu ni mpya, boti ilikuwa nzuri, hela kalipa. Picha ya kwanza tu ilitosha kumjibu. Kaipiga saa 1:30 asubuhi.

Mji wa Mwanza umekaa upande wa mashariki wa ghuba ya Ziwa Victoria. Ukiwa majini ukautazama mji, unatazama mashariki, na asubuhi jua linachomoza nyuma ya vilima na kukupiga usoni. Vilima, nyumba, Jiwe la Bismarck (lile jiwe maarufu la majini), vyote vinakupa upande wenye kivuli. Simu ikikutana na anga jeupe hivyo inapunguza mwanga, mji unabaki kama masizi ya sufuria. Hakuna programu ya kurudisha rangi ambayo haikuingia kwenye kamera. Watu wanaumiza kichwa kuchagua boti, wakati kitu cha kuchagua kwanza ni saa.

Saa yenyewe inaanzia 10:30 alasiri na kuisha kama dakika 20 baada ya jua kuzama. Hapo jua liko mgongoni kwako na mji wote uko mbele yako kwenye mwanga. Mawe ya Mwanza ni itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na saa 7 mchana ni ya kijivu tu, hayana la kukuambia. Jua likishuka yanageuka rangi ya chai ya maziwa, baadaye rangi ya tofali la kuchoma, na mabati ya nyumba za vilimani yanawaka moja moja kama mtu anapitisha kioo. Jua la Mwanza halizami saa ileile mwaka mzima. Novemba linatua kama saa 12:40 jioni, Februari linavuta hadi karibu saa 1:10. Panga safari kwa mwezi ulionao.

Sasa chombo. Wengi watakushauri ukodi boti, sisi tunasema panda kivuko cha Kamanga. Kinaondokea katikati ya mji, karibu kabisa na Jiwe la Bismarck, kinavuka ghuba hadi Kamanga upande wa Sengerema kwa nusu saa hivi, na nauli yake huwezi kuilinganisha na bei ya kukodi. Kiko juu kuliko boti ndogo, hakirukiruki, na wewe huna kazi ya kushika usukani. Vuka saa 10 na kitu, kunywa soda upande wa pili, rudi na kile cha kuelekea saa 12. Kwenda, simama nyuma, maana mji unaachwa nyuma. Kurudi, simama mbele. Usibaki chini kwenye magari, lori moja tu likipaki mbele yako umemaliza safari unatazama turubai. Panda juu kwa abiria, ila kaa mbali na bomba la moshi: hewa ya moto inayotoka pale inacheza, na kila picha unayopiga kupitia hewa hiyo itatoka kama imepigwa na mtu mwenye homa. Na kabla hujakata tiketi ya kwenda, uliza kivuko cha mwisho cha kurudi ni saa ngapi. Hili tunalirudia kila mara na kila mara kuna mtu analala Kamanga.

Ukiwa karibu sana na gati unaona maghala na paa za bandari tu. Ukienda mbali sana vilima vinalala, mji unakuwa mstari. Umbali mzuri ni kama dakika 10 tangu kivuko kiondoke. Hapo kushoto kwako unayo Kirumba na vilima vya Bwiru, mbele yako mji wenyewe na hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, kulia miti na nyumba za Capri Point. Mwanza haina ghorofa za kutisha, wala haizihitaji. Kwingine watu wamejenga juu. Hapa ardhi yenyewe ilishapanda, watu wakaifuata na matofali yao hadi katikati ya mawe. Nyumba za Igogo kutoka upande huu hujificha nyuma ya Capri Point. Kuziona vizuri, nenda Kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kuwa hifadhi ya taifa 2013. Pale unapata mlima wa Igogo na ubavu wa pili wa Capri Point, na pimbi wanaokukodolea macho juu ya mawe.

Kuna waliozoea kivuko cha Kigongo hadi Busisi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, magari yanapita juu, kilomita 3 za daraja. Lakini kule ni kusini mbali, mji huuoni.

Kama lazima ukodi boti, kagua kabla hujalipa. Hesabu jaketi za kujiokolea, kisha lijaribu moja, mkanda ufunge kweli. Angalia maji ndani ya boti: unyevu ni kawaida, maji yanayofunika kisigino maana yake kalafati, ile pamba ya kuzibia nafasi za mbao, imelegea. Lazima pawe na kopo la kukumbia maji, kasia hata moja, na mafuta ya ziada. Pandia gatini, usivue viatu ukatembea kwenye matete. Maji yaliyotulia ya pale ndiyo makazi ya konokono wa kichocho. Magugu maji nayo mwambie nahodha ayazunguke. Yakijisokota kwenye propela injini inazimika, na mtu anainama nje ya boti na kisu gizani.

Halafu kukaa. Kundi la watu 10 likiona Jiwe la Bismarck linahamia upande mmoja lote, simu juu. Boti ndogo haina uzito wa kuvumilia hilo. Hata vyombo vikubwa huzidiwa: MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, na MV Nyerere iliyopinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, zote zilikuwa zimebeba watu kupita uwezo wake. Anayetaka picha ageuze boti, asigeuze watu.

Upepo una ratiba yake. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani, mawimbi yanakuwa makali alasiri, jioni yanatulia. Usiku unageuka na kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Injini ikikufia saa 9 alasiri utasukumwa kuelekea ufukweni. Ikikufia saa 3 usiku utasukumwa kuelekea katikati ya ziwa. Ndiyo maana kwa boti ndogo tunasema urudi kabla giza halijashika, hata kama taa za mji zinakuita.

Na taa hizo zinaita kweli. Kilima kikishapotea gizani, taa za nyumba zake zinabaki zimening'inia hewani, huwezi kujua zimeshikwa na nini. Hapo kila mtu anawasha hali ya usiku kwenye simu na kuharibu. Hali hiyo inataka simu itulie sekunde 2 au 3, na hakuna chombo kinachotulia sekunde 3 juu ya maji. Izime. Piga kwenye zile dakika 20 baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na bluu, taa zimeshawaka, viwiko umevibana kwenye mbavu. Usiegemeze simu kwenye chuma cha kivuko, kinatetemeka na injini. Siku ambayo wale wadudu wa ziwani wametoka, unaowaona kwa mbali kama moshi umesimama juu ya maji, kaa mbali na taa ya chombo na ufunge mdomo.