Neno "Lima" Lina Baba Wangapi?

Wengi wanaoanza isimu historia, yaani elimu ya asili na ukoo wa lugha, au wanaopewa kazi ya kuandika asili ya maneno kwenye kamusi, huja na daftari limejaa maneno yanayofanana. Usilitupe. Ila kabla hujajenga nadharia juu yake, chukua neno lima ulizungushe duniani kidogo.

Kwetu kulima ni kazi ya jembe. Mmalei akisema lima anahesabu: tano. Hawaii lima ni tano na vilevile ni mkono, na ukitazama vidole vyako utaona sababu. Mtaliano akiomba lima anataka tupa. Halafu kuna Lima, mji mkuu wa Peru, ambao jina lake linatokana na Rimac, mto upitao hapo, na hilo ni neno la Kikechua. Ukiondoa Kimalei na Kihawaii, ambazo kweli ni ndugu katika familia ya Kiaustronesia, hao wengine hawajuani kabisa.

Sasa utajuaje kwamba letu ni la Kibantu? Mgeni atakimbilia Kizulu na Kiganda, ambako pia ni lima. Mimi hupenda kumpeleka kwa Wakikuyu, ambako neno ni rĩma. Kwenye l yetu, Kikuyu mara nyingi kina r: lea ni rera, lala ni rara, na mlima unakutana na kĩrĩma. Tofauti inayojirudia kwa utaratibu namna hiyo ina uzito kuliko mfanano wa neno mojamoja, hata ukiwa mfanano wa kushangaza. Fanya vivyo hivyo upande wa Kiaustronesia. Kimalagasi, lugha ya Madagaska, husema dimy kwa tano, na ukidhani hiyo d ni ajali, tazama ngozi: Kimalei kulit, Kimalagasi hoditra. Palepale mbele ya i, l imegeuka d.

Jozi ninayoipenda zaidi ni dua. Kimalei dua ni mbili, wala haihusiani na dua yetu. Lakini Wamalei wana neno jingine, doa, na hilo ndilo ndugu wa dua yetu, kwa kuwa sote tumelichukua kwa Waarabu. Lililo sawa herufi kwa herufi ni mgeni kabisa. Lililopinda kidogo ndilo la ukoo.

Hapo ndipo linaingia swali la mkopo, yaani neno lililochukuliwa kutoka lugha nyingine, nalo halijibiwi kwa sauti peke yake. Uliza kama watu hao waliwahi kukutana, na walikutana kwa shughuli gani. Kimalagasi kilitoka Asia ya Kusini-Mashariki pamoja na namba zake, ila kuku huitwa akoho, ng'ombe omby na mbwa amboa. Mifugo ilivuka bahari kutoka upande wetu pamoja na majina yake. Lugha moja, njia mbili, na zote zinaeleweka.

Wanafunzi hubisha: mfanano mkubwa hivyo unawezaje kuwa wa bahati tu? Piga hesabu. Tuseme lugha ina konsonanti 20 na irabu 5. Silabi za konsonanti na irabu ni 100, hivyo maneno ya silabi mbili hayawezi kuzidi 10,000. Weka lugha kadhaa zenye umbo hilo, kila moja na maelfu ya maneno, halafu uniambie yatakosaje kugongana. Hata lugha zenye silabi ngumu zaidi hugongana. Miaka ya 1960, kaskazini mwa Queensland huko Australia, mwanaisimu R. M. W. Dixon alimuuliza mzee Albert Bennett mbwa anaitwaje kwa Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa huko, akaambiwa dog. Si Kiingereza hicho. Majirani zao Wayidiny husema gudaga, na Kimbabaram kina desturi ya kuangusha mwanzo wa maneno. Bila hiyo gudaga, nani angekubali?

Mama na baba usiyaguse kama ushahidi. Ni sauti za kitoto zinazozuka kila mahali, na kwa Wageorgia mama ndiye baba, mama mzazi ni deda.

Na usidanganywe na umbo la nyumbani. Kitabu kimekaa kwenye ngeli ya ki-vi kana kwamba kilizaliwa humo, lakini ile k ni ya mzizi wa Kiarabu, k-t-b. Mwarabu akiwa na vingi husema kutub. Mwalimu naye ni mu'allim aliyevaa mw-. Kwa hiyo kwenye kadi ya kila neno mimi huacha nafasi ya maneno mengine matatu yenye badiliko lilelile la sauti. Nafasi hiyo ikibaki tupu, kwenye sehemu ya asili andika "haijathibitishwa", hata kama mhariri atanung'unika.