Sista, hii damu ya nani?

Doksorubisini ni dawa nyekundu ya saratani, na wekundu wake ndio ulionifumbua macho. Nilikuwa tayari nimezoea wodi ya saratani, na mazoea nayo yana ubaya wake. Siku hiyo dripu ilipoisha nilichomoa mrija kwenye mfuko, nikavitupa, nikaendelea na kazi. Baadaye mhudumu wa usafi akanisimamisha: "Sista, hii damu ya nani?" Kulikuwa na alama kwenye kitasa cha mlango, nyingine kwenye kalamu yangu, na nyingine kwenye mkono wa gauni. Haikuwa damu. Nikachukua pamba na spiriti nikafuta, nikajiona mtu safi.

Usiku ndipo wazo likanijia: siklofosfamaidi, dawa nyingine ya saratani ninayoitundika karibu kila siku, haina rangi. Hiyo huwa inapaka wapi?

Dawa hizi huua seli zinazogawanyika, na haziulizi ni seli za nani. Siklofosfamaidi ina undugu wa kikemia na gesi ya haradali iliyotumika vitani, na yenyewe imo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mgonjwa anazipokea kwa sababu faida inazidi hasara. Wewe unayemhudumia faida hiyo huna. Si jambo jipya pia: mwaka 1979 watafiti wa Finland waliripoti kwamba mkojo wa wauguzi walioshika dawa hizi ulikuwa na dalili za vitu vinavyoharibu vinasaba.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchomoa ule mrija. Dripu ikiisha, mfuko na mrija vitoke pamoja na viingie pamoja kwenye chombo cha taka za dawa za saratani. Mwanzoni nako, omba famasia wajaze mrija kwa maji ya chumvi kabla ya kuongeza dawa, ili usije ukatoa hewa huku dawa ikidondoka sakafuni. Kuchanganya kufanyike ndani ya kabati maalumu linalovuta hewa mbali na mchanganyaji, kamwe si juu ya meza ya wodi. Na hata kichupa ambacho hakijafunguliwa kishike kwa glovu, maana nje yake mara nyingi huwa na mabaki tangu kiwandani.

Glovu ni jozi mbili, ya ndani chini ya mkono wa gauni na ya nje juu yake. Zibadilishe kila baada ya nusu saa, au papo hapo zikichanika au zikilowa. Gauni liwe lisilopitisha maji, lifungwe mgongoni, na lisitoke nje ya eneo la kazi. Ukimaliza, nawa kwa maji na sabuni. Kitakasa mikono huua vijidudu lakini hakiondoi dawa, na spiriti yangu ya siku ile haikuiharibu dawa, huenda iliitandaza tu. Barakoa ya upasuaji nayo haizuii mvuke.

Sasa choo, na hapa ndipo naona tunazembea zaidi. Mgonjwa akimaliza dripu, dawa inaendelea kutoka kwenye mkojo, kinyesi, matapishi na jasho. Kwa kawaida tunahesabu angalau saa 48, na dawa nyingine huhitaji zaidi. Anayemwaga bedpani au kukunja shuka iliyolowa anahitaji glovu na gauni vilevile, pamoja na kinga ya uso kama kuna hatari ya kurukiwa. Mfuniko wa choo ushushwe kabla ya kuvuta maji. Lakini semina tunaitwa wauguzi na wafamasia; yule mama aliyeniuliza kuhusu damu alikuwa akisafisha vyoo hivyo kwa glovu moja nyepesi, na hakuna aliyewahi kumweleza chochote.

Ukiwa mjamzito, unanyonyesha au unatafuta mtoto, mwambie msimamizi wako mapema aone uwezekano wa kukupangia kazi nyingine. Najua wengi huficha wakihofia maneno ya wenzao. Dawa hizi zimehusishwa na mimba kuharibika, kwa hiyo acha waseme. Akina baba pia, uzazi wenu umo humo.

Wala usidhani jambo hili ni la wodi ya saratani peke yake. Dawa zenye hatari kama hii zipo wodi nyingine pia: methotreksati hutumika kwa ugonjwa wa viungo, gansikloviri kwa virusi. Nimewahi kumkuta mwenzangu akisaga kidonge cha methotreksati kwenye kinu kilekile cha panadoli, bila glovu, vumbi likipanda. Mgonjwa asiyeweza kumeza, muulize mfamasia kama kuna dawa ya maji.

Yule mama sasa ana gauni lake na jozi zake mbili za glovu. Ilinichukua miezi kuzipata, kwa sababu bajeti ya usafi ilikuwa chini ya idara nyingine. Siku hizi yeye ndiye anayenikumbusha kwamba nusu saa imepita.