Sensa za pampu ya kikundi: anzeni na hitilafu, bei baadaye

Ndugu mleta mada, umesema kikundi chenu kule Nyakach kinavuta maji ziwani kwa pampu ya sentrifuga yenye mota ya fezi tatu, inasimama mara kwa mara, na muuzaji amewapa bei ya seti nzima: mita ya mtiririko ya sumaku, sensa za mtetemo, presha, joto. Pesa haitoshi, unauliza mpunguze nini. Mimi ni fundi wa pampu hapa Kisumu. Ningeondoa mita ya mtiririko na zile za mtetemo.

Kabla ya kulipa chochote, chukueni daftari. Pembeni andikeni kila kitu kilichowahi kuwasimamisha, juu andikeni vipimo, kisha jazeni: kinapanda, kinashuka, hakibadiliki. Hitilafu mbili zikiwa na mistari inayofanana, sensa hizo haziwezi kuzitofautisha, ziwe za bei gani. Na kama hitilafu mbili zinatibiwa kwa njia moja, msitoe hata shilingi kuzitenganisha.

Tuchukue zenu. Gugu maji likiziba chujio, presha ya kutolea inashuka na ampea zinashuka. Hewa ikipenya kwenye kiungo cha bomba la kunyonya, vyote viwili vinashuka vilevile. Lakini kwa la kwanza mtu anaingia majini kusafisha chujio, kwa la pili anakaza flanji. Mita ya mtiririko, pamoja na bei yake yote, itawaambia tu kwamba maji yamepungua, jambo ambalo shamba limeshawaambia. Kinachotenganisha ni sensa ya presha kwenye bomba la kunyonya: chujio likiziba mvuto unazidi, hewa ikiingia mvuto unalegea. Mnunue inayosoma chini ya sifuri, maana nyingi za madukani zinaanzia sifuri, na iweze kustahimili maji yanayorudi kwa kishindo pampu ikizimwa. Ziwa letu liko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo presha ya hewa ni kama bar 0.88 na hata kinadharia pampu haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 9 kwa kunyonya. Mkiona bar -0.7, izimeni mkaangalie chujio.

Muda nao ni kipimo, tena cha bure. Gugu maji huziba polepole, kwa saa kadhaa. Bomba la kutolea likipasuka, presha huanguka ghafla na ampea hupanda, kwa sababu pampu inasukuma maji mengi kuliko kawaida. Valvu ya chini, ile ya mwisho wa bomba la kunyonya ndani ya maji, ikivuja, mara nyingi hamtagundua pampu ikiwa kazini. Itajionyesha baada ya kuzima: kama upande wa kutolea hauna valvu ya kuzuia maji kurudi, tazameni kama presha inakaa au inateremka hadi kuisha. Sensa ileile ya bei nafuu, mkirekodi kila sekunde wakati wa kuwasha na kuzima, inafanya kazi ya sensa mbili. Mkisoma mara moja kwa saa, hayo yote yanapotea.

Ampea pimeni kwenye fezi zote tatu, kwa zile transfoma ndogo za kuvika kwenye waya. Mkiweka moja tu na stima ikakatika kwenye fezi nyingine, mtaona ampea zimepanda na mtaanza kutafuta bomba lililopasuka huku mota ikiungua. Tafadhali sana: transfoma ya aina inayotoa mkondo isiachwe wazi upande wa pili wakati waya una umeme. Hutoa volti za kuua mtu.

Beringi inayoanza kuharibika haibadilishi presha wala ampea mapema, kwa hiyo inahitaji kipimo chake. Badala ya zile za mtetemo, sensa mbili ndogo za joto aina ya DS18B20 zinatosha, moja kwenye nyumba ya beringi na nyingine kivulini, zote kwenye waya mmoja kwa sababu kila moja ina anwani yake. Angalieni tofauti kati yao. Joto la Kisumu saa nane mchana litawadanganya mkitazama beringi peke yake.

Za presha ziwe za miliampea 4 hadi 20. Mwanzo wa kipimo ni 4, kwa hiyo mkisoma 0 mnajua waya umekatika na si maji yaliyokwisha. Tundu litobolewe ubavuni mwa bomba, kamwe si chini, kwa sababu maji ya ziwa upande wenu yana tope na tundu la chini litaziba. Gharama ya kutoboa na kufunga iingizeni kwenye hesabu, na pia ulinzi: kitu kilichowekwa ufuoni bila kibanda hakikai.

Niandikie hapa kipenyo cha bomba la kunyonya, kimo kutoka usawa wa maji hadi pampu, na kama ile valvu ya kuzuia kurudi ipo. Nitakuchorea jedwali lenyewe mpeleke kwa muuzaji.