Vigari vya rimoti sebuleni: kwa mkuu aliyeuliza mtu mzima anapata raha gani

Mkuu, umeuliza mtu mwenye ndevu zake anapata raha gani kukimbiza vigari vya rimoti ndani ya nyumba, au ni kuwanunulia watoto kisha kuwanyang'anya. Hilo la kunyang'anya nakiri. Ndivyo nilivyoanza.

Masika ya mwaka juzi hapa Dar watoto walishinda ndani wiki nzima. Nikaenda Kariakoo nikarudi na vigari viwili vya bei ya chini, kila mtoto na chake. Kuviwasha tu, ugomvi: huyu akibonyeza, cha mwenzake nacho kinaondoka. Kumbe vyote ni vya masafa ya redio ya 27 MHz, rimoti moja inaamrisha viwili. Halafu tairi ama zimenyooka ama zimekata mpaka mwisho, hakuna katikati. Siku ya tatu vilikuwa chini ya kabati.

Katika kuperuzi nikakutana na magari ya 1/28. Yaani gari limepunguzwa mara 28, kwa hiyo la mita nne na nusu linabaki na urefu wa sentimita 16 hivi. Kyosho wa Japani walianza kuuza Mini-Z zao mwaka 1999 na hadi leo zipo sokoni. Mfuko wangu haukuruhusu, nikaagiza K989 ya WLtoys, ya Kichina, inayosukumwa na tairi zote nne. Mini-Z ilifuata baadaye (bei yake mama watoto haijui, tuache hivyo). Rimoti za magari haya ni za 2.4 GHz na kila moja inajifunga na gari lake, hata manne yanakimbia pamoja bila kuingiliana. Lakini kubwa zaidi, usukani na moto (yaani mwendo) vinafuata kidole. Ukigusa kidogo, linakata kidogo. Hapo ndipo unapoanza kuendesha kweli.

Watu hudhani raha ni mwendo. Sebule yangu ni mita nne kwa tano, ukikandamiza moto wote umefika ukutani hujameza mate. Raha iko kwenye kuachia. Unaachia kabla ya kona, uzito unakuja mbele, tairi za mbele zinashika, pua inaingia, ndipo unarudisha moto taratibu. Ukiwahi kurudisha, na sakafu yenyewe ni vigae, nyuma inakupita na unatazama ulikotoka. Yote hayo ndani ya nusu sekunde, na baada ya sekunde moja kona nyingine hiyo hapo. Barabarani nikijaribu upuuzi wa namna hiyo nitaua mtu. Hapa naua mguu wa meza.

Halafu kuna ile ya gari kukujia. Likiwa linakwenda mbele yako, kulia ni kulia. Likigeuka kurudi, kulia kwake ni kushoto kwako, na kidole kinagoma kuamini. Shemeji yangu ni dereva wa basi la mkoani miaka mingi. Alipokuja Idd akashika rimoti kwa dharau, mkono mmoja, mwingine una kikombe cha chai. Raundi ya kwanza akaingia chini ya kochi. Ya pili akagonga ndoo. Chai ikawekwa chini. Binti yangu wa miaka tisa alimpita mara tatu, ndipo akamwonea huruma: "Mjomba, jifanye umekaa ndani yake." Mimi ilinichukua mwezi mzima kuligundua hilo, na sikuwahi kumwambia. Shemeji alikaa mpaka saa sita usiku.

Njia yetu ni ya kuokoteza. Kuna wanaonunua sponji maalumu za kufungamanisha, sisi kona zetu ni kandambili zilizokatika. Gari likizigonga halivunjiki na wala halirushwi mbali, na usiku zinaingia kwenye kiroba kimoja. Kila Jumamosi tunazipanga upya. Muda tunapima kwa simu na kuandika nyuma ya daftari la hesabu la binti. Raundi yangu bora kwa njia ya mwezi uliopita ni sekunde 5.8, yake 5.6. Najua kabisa nimeachia wapi hizo sehemu mbili za kumi za sekunde: kwenye kandambili ya karibu na friji, ambako yeye anapita kwa kuigusa na mimi naiogopa.

Adui ni nywele. Mke wangu akisukwa sebuleni Ijumaa, Jumamosi nyuzi za rasta zimejiviringisha kwenye ekseli, gari linavuta kwa shida na mota inapata moto. Sasa nafagia mara mbili kwanza, na zilizobaki nazitoa kwa kibanio. Vumbi kwenye tairi ni rahisi, zizungushe juu ya selotepu upande wa gundi, zinarudi kushika kama mpya.

Mini-Z inatumia betri nne za AAA. Nunua za kuchaji. Zimeandikwa volti 1.2, na za kawaida za alikalaini 1.5, kwa hiyo mgeni huona za kuchaji ni dhaifu. Ukikandamiza moto utaona za kawaida zinavyolegea mapema. Nazichaji Ijumaa, maana umeme ukikatika Jumamosi jioni nyumba nzima inaninunia.

Ukiamua kuanza, nunua magari mawili ya aina moja. Yakitofautiana, kila atakayeshindwa atasingizia gari, na wa kwanza utakuwa wewe. Na sebule yako ina nini chini, vigae au zulia? Kama ni zulia la manyoya, hivi vitakwama humo humo. Likunje kwanza ndipo uje tuongee aina.